Paka wa Kells, penseli ya Kilkenny

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wangu, wazazi mlioziacha shughuli zenu mkaja, nanyi vijana wa uchoraji ambao hasa ndio niliowafuata: shikamooni wakubwa zangu, wadogo, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya sanaa ya Ayalandi na jinsi ilivyoingia katika ulimwengu wa kidijitali. Nilifanya kazi kule miaka sita, nikichora mandhari za katuni, yaani vile vitu ambavyo mtazamaji havitazami sana: ukuta, msitu, anga la jioni. Kwa hiyo nitasema kama mchoraji. Habari za kampuni kubwa za mitandao zilizofungua ofisi Dublin zina wasemaji wake, mimi siziwezi.

Tuanze na karatasi ile pale ukutani. Nimeichapisha kubwa ili walio nyuma waone, lakini yenyewe si kubwa: sentimita 33 kwa 25, imezidi kidogo tu karatasi mnayochapishia kazi zenu. Ni ukurasa mmoja wa Kitabu cha Kells. Ndani yake mna Injili nne kwa Kilatini, zilizoandikwa na watawa kwa mkono, juu ya ngozi ya ndama, yapata mwaka 800. Kimebaki na kurasa 680, na kinahifadhiwa katika Chuo cha Trinity, Dublin.

Ukurasa huu karibu wote umeshikwa na herufi tatu. Ni herufi za Kigiriki zinazoanza jina la Kristo, na ile ya kwanza imevutwa mkono mmoja mpaka inakaribia ukingo. Ndani ya herufi mna miduara, ndani ya miduara mna miduara mingine, na ndani ya hiyo mna misokoto myembamba kama unywele wa mtoto. Aliyechora hakuwa na miwani wala taa ya umeme.

Siku ya kwanza nilipokwenda kukiona, kitabu kilikuwa kimefunguliwa kwingine. Kinakaa ndani ya kioo, kwenye mwanga hafifu, kikiwa wazi mahali pamoja tu. Ukikosa ukurasa unaoutaka, umeukosa. Nikarudi chumbani nimenuna. Usiku nikafungua kompyuta, maana chuo kile kimeziweka kurasa zote kwenye intaneti, bure kwa yeyote. Nikaupata ukurasa wangu, nikaukuza, nikaukuza tena, nikashuka chini kabisa kwenye mguu wa ile herufi kubwa, na hapo nikawaona paka.

Paka wawili wamekaa wametulia. Mbele yao panya wawili wanagombania kitu cha duara, nacho ni hostia, mkate wa komunyo. Panya wengine wamepanda migongoni mwa paka wenyewe. Kando kidogo kuna fisi maji mweusi na samaki wake mdomoni. Katikati ya jina takatifu kuliko yote kwake, mtawa yule amechora kisa cha jikoni. Wataalamu wana maelezo yao juu ya maana ya panya hao, na nimeyasoma. Mimi naamini tu kwamba alikuwa amewaona. Alikuwa ameamka asubuhi akakuta mkate umetafunwa na paka wamelala, na moyo wake ukamwambia kwamba hilo nalo lina nafasi kwenye ukurasa.

Kitabu hiki kimeponea chupuchupu mara nyingi. Watawa wenyewe inasemekana walikimbia kisiwa cha Iona, huko Uskoti, kwa sababu ya mashambulizi ya Waviking, maharamia wa kaskazini, wakahamia Kells, mji wa Ayalandi. Mwaka 1007 kikaibwa usiku. Kilikuja kupatikana baada ya miezi miwili na siku ishirini, kimefunikwa udongo na majani, dhahabu ya jalada lake imeshanyofolewa. Kuna na habari ya rangi. Kwa miaka mingi watu walisadiki kwamba buluu yake ilitoka kwenye jiwe la thamani la Afghanistan, wakajenga hadithi nzuri sana za biashara ya mbali. Maabara ilipokuja kupima, ikakuta ni rangi ya mmea. Ile njano ni zarniki, madini yenye sumu. Ninyi mnaochagua rangi kwa kubofya, mkumbukeni aliyeichagua kwa kusaga.

Neno nililokuja nalo leo ni moja. Kazi ya kidijitali ya Ayalandi imestawi pale ilipokuta vitu vilivyotunzwa na watu waliopewa muda. Pale ilipokuta mashine peke yake, ilinyauka. Nitawaonyesha yote mawili.

Kilkenny ni mji mdogo wa mawe, wenye ngome kando ya mto Nore. Mwaka 1999 vijana watatu, Tomm Moore, Nora Twomey na Paul Young, walianzisha huko studio ya animesheni inayoitwa Cartoon Saloon. Walikuwa wametoka chuo cha Ballyfermot, Dublin, na hapo kuna kisa cha kusimulia. Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani Don Bluth aliihamishia studio yake kubwa ya katuni Dublin, baada ya serikali kumvutia kwa misaada. Studio ilihitaji mikono, na mafunzo ya animesheni pale Ballyfermot yakaanzishwa kwa ushirikiano nayo. Miaka michache baadaye studio ikafilisika na kuondoka. Majengo yakabaki matupu, lakini darasa halikufungwa. Walimu walibaki, meza za mwanga zilibaki, na vijana wakaendelea kujifunza mtu anavyotembea, fremu kwa fremu, kwa penseli.

Sasa fikirini: watatu hawa wana ujuzi walioachiwa na Mmarekani, na wangeweza kuchora katuni za Kimarekani. Wakachagua kutengeneza filamu juu ya kitabu kile pale ukutani. Iliwachukua miaka mingi. Ilipotoka mwaka 2009, kwa jina The Secret of Kells, ilikuwa na sura ambayo haikuwahi kuonekana kwenye skrini. Haina kina cha macho kama picha za kawaida. Kila kitu kimelazwa bapa kama kwenye ngozi ya ndama. Ukuta wa monasteri ni duara, msitu ni misokoto, hata theluji inaanguka kwa mpangilio wa nakshi. Mwishoni ukurasa huu wenyewe unaanza kujongea, miduara inazunguka ndani ya miduara. Filamu ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na filamu zao ndefu tatu zilizofuata nazo zikateuliwa, kila moja kwa wakati wake. Hiyo si bahati ya mara moja.

Nitakaa kidogo kwenye moja, ile ya mwaka 2020 iitwayo Wolfwalkers, kwa sababu ndani yake kuna somo la mkono. Hadithi iko Kilkenny ya mwaka 1650, wakati wa jeshi la Cromwell, kamanda Mwingereza aliyeivamia Ayalandi. Mji wameuchora kwa mistari minene, yenye kona kali, kama machapisho ya ubao wa kuchongwa ya zama zile. Msituni mistari inalegea. Wameacha hata alama za rasimu, zile duara nyepesi mnazozifuta ninyi kabla ya kumwonyesha mwalimu. Na kuna sehemu ambapo binti anaona kwa macho ya mbwamwitu na kunusa kwa pua yake. Hapo kamera inakimbia chini ya miti kwa kasi ya ajabu. Njia ile waliipanga kwanza kwenye kompyuta, kwa mandhari ya pande tatu. Wangeweza kuishia hapo. Lakini walizichora zile fremu upya, moja moja, kwa penseli na mkaa juu ya karatasi, ndipo zikarudi kwenye mashine. Ukitazama kwa makini unaona chembe za mkaa zikitetemeka, na kutetemeka kule ndiko kunakofanya mwili wako uamini kwamba mnyama anapumua. Mimi nimechora usiku mwingi kwenye tableti, nazijua brashi za programu zinazoiga mkaa. Zinaiga vizuri. Mkaa wenyewe una tabia zake, unakukatalia, na kukataliwa huko kunaonekana kwenye kazi.

Upande wa pili sasa. Dublin kuna mtaa unaoitwa Temple Bar. Kampuni ya usafiri ya serikali ilikuwa imenunua nyumba nyingi pale kwa nia ya kuzibomoa ijenge kituo cha mabasi. Wakati mipango inasuasua, ikazipangisha kwa bei ya chini. Unajua nani hufuata nyumba chakavu ya bei rahisi: wachoraji, wanamuziki, wauza vitabu vikuukuu. Wakajaa, wakaanzisha studio, mtaa ukachangamka, hadi mwaka 1991 serikali ikaachana na kituo cha mabasi na kutunga sheria ya kuufanya mtaa wa utamaduni. Katika yaliyojengwa palikuwa na nyumba maalumu ya sanaa ya multimidia, ilifunguliwa mwaka 1995, wakati intaneti ni neno geni kwa watu wengi. Ilikuwa na kompyuta, mafunzo, na orodha ya kidijitali ya wasanii wa nchi. Mwaka 2002 ikafungwa.

Na mwaka 2000 ikafunguliwa maabara kubwa zaidi, Media Lab Europe, kwa mapatano kati ya serikali ya Ayalandi na MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani. Iliwekwa kwenye mtaa wa zamani wa kiwanda cha bia cha Guinness, watafiti wakatoka nchi mbalimbali, fedha nyingi za umma zikaingia. Januari 2005 ikafunga milango, baada ya pande zile kushindwa kuelewana juu ya fedha za kuiendeleza. Siwasemi kwa ubaya watu waliofanya kazi mle. Walikuwa na akili nyingi, na waliotoka humo wametawanyika wakafanya mambo mazuri. Ninachosikitikia ni mpango wenyewe. Kompyuta ya mwaka 2000 mwaka 2005 ilikuwa imeshazeeka. Ngozi ya ndama ya mwaka 800 bado inasomeka.

Sasa huu muda ninaousema msanii anaupewaje? Waayalandi wamejaribu njia kadhaa. Mwaka 1969, Charles Haughey akiwa Waziri wa Fedha, ilipitishwa sheria kwamba mwandishi, mchoraji, mchongaji na mtunzi wa muziki asitozwe kodi ya mapato kwa kazi yake ya asili. Baadaye wakaiwekea ukomo, lakini ipo. Mwaka 1981 likaundwa baraza la wasanii la heshima, Aosdána, ambalo mwanachama wake mwenye kipato kidogo hupewa posho ili asiiache kazi yake. Na mwaka 2022 wakafanya jambo lililonigusa mimi kwa karibu: wasanii 2,000 wakaanza kulipwa euro 325 kila wiki, kwa miaka mitatu, bila kudaiwa kazi yoyote. Waliostahili walizidi 8,000, kwa hiyo wakachaguliwa kwa bahati nasibu.

Dada mmoja mpiga fidla niliyepanga naye nyumba jina lake lilitoka. Kabla ya hapo alikuwa akiosha vyombo hotelini siku nne za wiki, anarudi vidole vimekunjamana kwa maji, hawezi kushika upinde. Euro 325 kwa Dublin si utajiri. Kodi ya nyumba kule ni kali mno, na nusu ya fedha ile iliishia kwa mwenye nyumba. Lakini aliacha siku mbili za hotelini. Ikawa asubuhi, nikiwa napiga mswaki, nasikia kupitia ukutani akirudia kipande kilekile cha wimbo, mara kumi, mara ishirini, anakitafuta. Baada ya mwezi wa tatu nikasikia amekipata. Nilikuwa na brashi ya meno mdomoni nikashindwa kujizuia, nikagonga ukuta kumpongeza.

Vijana, mkiniuliza kitu gani hasa kilichonishika moyo kule kuliko vyote, si filamu wala makumbusho. Ni madaftari ya shule.

Ayalandi ni nchi iliyopoteza lugha yake kwa sehemu kubwa. Njaa kuu iliyoanza 1845 iliua watu kiasi cha milioni moja, na milioni nyingine wakahama, na walioumia zaidi walikuwa maskini wa magharibi, ndio hao hao wazungumzaji wa Kiayalandi. Kwa hiyo mwaka 1937, nchi ikiwa changa bado, tume ya ngano na mila ilitoa kazi kwa shule za msingi: watoto wa miaka 11 hadi 14 waende nyumbani wawaulize wazee, waandike watakayoambiwa. Wakafanya hivyo hadi 1939. Watoto zaidi ya 50,000, shule 5,000. Dawa za kienyeji, dalili za mvua, mizimu ya barabarani, michezo, mhunzi wa kijiji, hazina zilizofukiwa, habari za miaka ile ya njaa. Wengine waliandika kwa Kiingereza, wengine kwa Kiayalandi, kwa herufi zao za kale.

Haya yote sasa yapo kwenye tovuti ya Dúchas. Unaliona daftari lenyewe, mistari yake, doa la wino, mwandiko wa mtoto anayejitahidi kunyoosha. Mara nyingi limeandikwa jina la mtoto na jina la mzee aliyemsimulia, pamoja na kijiji. Mashine haikuweza kuusoma mwandiko ule wa kale, kwa hiyo wakaomba msaada wa watu. Mtu yeyote, popote, anafungua ukurasa, anausoma, anauchapa. Mradi wakauita Meitheal, neno la Kiayalandi la majirani wanaokusanyika kuvuna shamba la mwenzao. Kwetu tungesema msaragambo. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mkusanyo wa ngano ambao madaftari haya ni sehemu yake katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Wasanii wa sauti, watengeneza michezo ya kompyuta, waandishi wa vipindi vya televisheni ya Kiayalandi, ambayo nayo ilianza mwaka 1996 huko Connemara, wote wana mahali pa kuchota.

Pia hawakutunza tu yaliyosalia. Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ghala la kumbukumbu za taifa pale Four Courts, majengo ya mahakama ya Dublin, liliteketea na karatasi za karne saba. Miaka 100 baadaye, Juni 2022, wanahistoria walizindua ghala la mtandaoni. Walikuwa wamezunguka maktaba za nchi nyingi kutafuta nakala za kilichoungua, na jengo lenyewe wamelijenga upya ndani ya kompyuta, unaingia unatembea kati ya rafu. Na kabla ya hapo kuna studio ya mchoraji Francis Bacon, mzaliwa wa Dublin aliyeishi London. Ilihamishwa yote hadi Dublin, kuta, mlango, vumbi, vitu zaidi ya 7,000, na kila kimoja kikaingizwa kwenye hifadhidata kwanza kama wafanyavyo wachimbaji wa mambo ya kale. Hata vumbi.

Kuna kazi moja ambayo nisingependa kuondoka bila kuitaja, maana inatuhusu. Mwaka 2013 Richard Mosse aliiwakilisha Ayalandi kwenye maonyesho ya Venice kwa kazi ya skrini sita iliyopigwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Alitumia filamu ya infraredi ya zamani, inayonasa mwanga usioonekana kwa macho, iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi. Ukiipigia picha, majani mabichi yanageuka waridi. Basi ile milima ya kijani ya Kivu, iliyojaa vita, inakuja mbele yako imekuwa waridi iliyoiva, na ndani yake wanapita askari na wakimbizi, na mama mmoja na ndoo yake. Nilisimama katikati ya skrini zile gizani. Watu walikuwa wakivuta pumzi kwa uzuri wake. Nami niliuona uzuri, siwezi kuukana. Lakini katika chumba kile pengine nilikuwa peke yangu ambaye ningeweza kumwamkia mama yule, nikamuuliza anakwenda wapi na ndoo ile.

Msanii yule alifanya kazi ya hatari, kwa makusudi ya kuwaonyesha walimwengu vita walivyokuwa wamevizoea, na ninamheshimu. Lililonikosesha usingizi ni jingine. Nchi yake ina daftari la mtoto wa mwaka 1938 linalosema bibi yake alijuaje kwamba mvua i karibu. Mtoto aliyekuwa Kivu siku ile kamera ilipopita, naye alikuwa na bibi. Alimsimulia nini? Nani aliandika? Nimewauliza marafiki zangu wa Goma na Bukavu. Wananiambia yapo, yako kwenye simu za watu, kwenye sauti za mtandao wa familia, na simu zinapotea.

Nimezungumza kuliko muda niliopewa, Mkuu wa Chuo, unisamehe. Vijana, picha itabaki pale ukutani hadi jioni na kioo cha kukuzia nimekiacha mezani. Paka wako chini, kwenye mguu wa herufi kubwa. Msipowaona mara ya kwanza, mtafuteni kwanza yule fisi maji, halafu rudini kushoto.